Akinyamaza Amekubali

Jumanne, tarehe 12 Machi. Ukungu tangu alfajiri, manyunyu hayakatiki, mlima wa ng'ambo hauonekani kabisa.

Hivyo ndivyo nilivyoandika juu ya ukurasa. Chini yake kuna mstari mmoja tu: "Leo Karani ameunganishwa na mlango wa mwisho. Mungu asaidie." Nimeusoma tena juzi nikaona haya, maana siku ile nilipaswa kuandika jambo jingine, nililolisema mimi mwenyewe kwa mdomo wangu, na sikuliandika kwa sababu niliona ni dogo.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mboga huku juu, upande wa Mgeta. Nilimaliza darasa la saba, basi. Walinichagua kwa sababu ya mwandiko. Zamani, wakati wa ushirika, mboga ilikuwa na mnunuzi mmoja na bei moja, ukikubali usikubali. Lilipokuja soko huria kila mtu akawa anashuka na kiroba chake mpaka Msamvu, Morogoro mjini, kubahatisha. Ndipo baadaye tukaungana, watu ishirini na kitu, tukampata mnunuzi mmoja wa Dar anayechukua njegere na karoti kila Alhamisi. Yeye hataki kubahatisha. Jumatano jioni lazima ajue nani ana nini na viroba vingapi, ili mwenye Fuso naye ajue apande na nafasi kiasi gani. Mwanakikundi akiahidi mzigo halafu usionekane, anawekewa alama. Alama mbili, anatolewa kwenye orodha msimu mzima.

Kazi ya kuuliza ilikuwa yangu. Kila Jumanne na Jumatano nilipanda na kushuka matuta, nyumba kwa nyumba, maana wengine simu hawazipokei, na wengine wakipokea wanaanza habari za ng'ombe wa shemeji yao. Goti langu la kushoto ni bovu. Nalitaja goti kwa sababu ni kweli, lakini sitaki mtu alichukue kama sababu.

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, anafundisha kompyuta chuoni kule njia ya Mzumbe. Ni mtu mzima, ana mvi kuliko mimi, lakini kwa kuwa ni shemeji hatuheshimiani sana. Alikuja na kompyuta yake ndogo akaiweka juu ya pipa la maji dirishani, maana hapo ndipo mtandao unashika, akasema amenitengenezea msaidizi wa akili mnemba.

"Ataongea na watu wako wote kwa meseji, wewe umelala," akasema.

Mke wangu akadakia kutoka jikoni, "Kulala hahitaji msaidizi, anaweza mwenyewe."

Nilimuuliza shemeji huyo msaidizi atajuaje habari za mnunuzi. Akanieleza, na nilivyoelewa ni hivi. Msaidizi ana kichwa lakini hana mikono. Anaweza kukuandikia barua nzuri ya kuomba gari, lakini barua yenyewe atabaki nayo mfukoni. Ili afanye kazi lazima aunganishwe na mitambo ya watu wengine. Mtambo wa mnunuzi una mlango wake, wa mwenye Fuso una wake, wa hali ya hewa una wake, na wa kutuma meseji una wake. Kila mlango una ufunguo, maandishi marefu, herufi na namba zimevurugana kama kuku kapita juu ya vitufe. Na kila mlango una mlinzi.

"Mlinzi haelewi stori, shemeji," alisema. "Ukimwambia 'habari za leo, tuna kamzigo kidogo,' anakufukuza. Anataka jina, zao, viroba vingapi, siku gani, ndiyo au hapana. Ukiacha nafasi moja tupu anakurudisha ulikotoka."

Nilinakili ule ufunguo wa mnunuzi kwenye daftari langu nisije nikausahau. Shemeji aliuona akaruka. "We mzee! Huo ni ufunguo wa nyumba ya watu, unauandika kwenye daftari unalokwenda nalo kanisani?" Akauchana ukurasa akautia jikoni motoni. Mke wangu alicheka mpaka akakohoa.

Sasa nafika pale. Alikuwa anamalizia mlango wa mnunuzi, anaandika masharti, yaani yale Karani (ndivyo tulivyomwita huyo msaidizi) atakayoyafuata bila kuuliza. Akainua kichwa.

"Mtu akiulizwa asijibu, Karani amwambie nini mnunuzi? Mlango unataka ndiyo au hapana. Hakuna nafasi ya kusema hajajibu."

Nikamwambia, na nilimwambia kwa majivuno, "Huku kwetu kwenye mkutano mwenyekiti akiuliza, mtu akinyamaza amekubali. Ndivyo tulivyo tangu ushirika. Weka ndiyo, kwa kiasi kile kile alichotoa wiki iliyopita."

Shemeji aliniangalia. Nataka kumtendea haki: aliniangalia, na alisema. "Mkutanoni mtu anakuona. Amekaa mbele yako, amesikia. Huku hujui kama kasikia. Bora nimfanye Karani akusubiri wewe. Kabla hajatuma nje, akuletee orodha, ubonyeze."

"Kila Jumatano nibonyeze ishirini na kitu? Si bora nikatembee?"

"Si lazima ubonyeze wote. Wasiojibu tu."

"Ndio hao hao wengi," nikasema. "Weka ndiyo."

Akaweka. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya kitunguu.

Wiki tatu za mwanzo zilikuwa tamu, siwezi kukana. Wazee walilalamika kwamba Karani anawauliza mizigo bila salamu, kama mgambo, basi shemeji akamwambia aanze kila meseji na shikamoo. Ikawa anawaamkia mpaka vijana. Mmoja mwenye duka, hajafika hata miaka thelathini, alitembea kijiji kizima na simu mkononi. "Nimeamkiwa jamani! Kuanzia leo mniheshimu!" Karani alichungulia mlango wa hali ya hewa akatuarifu kesho mvua, huku sisi tumesimama kwenye mvua hiyo hiyo. Watu walicheka lakini walijibu meseji zake. Alhamisi Fuso lilikuja, likajaa, likashuka. Mimi nilikaa nyumbani nikapaka goti dawa.

Na sasa mama mkubwa.

Ni dada mkubwa wa marehemu mama yangu. Shamba ninalolima nilipewa kwa mkono wake, maana kwetu ardhi inafuata lukolo, ukoo wa mama, na yeye ndiye mkubwa aliyebaki. Ana matuta sita ya njegere chini ya misheni. Lakini kinachomfanya ajulikane si njegere. Ni mipaka. Watu wakigombania tuta, hasa mvua ikishazoa udongo na alama zikapotea, anaitwa yeye. Anakwenda, anasimama, anasema, "Hapa. Palikuwa na jiwe, na juu ya jiwe mkarafuu mwitu." Mnachimba, mnalikuta jiwe. Sijawahi kusikia amekosea. Mwezi ule alikuwa anangojwa na ndugu wawili wa ukoo mwingine waliokuwa wanagombania tuta la mama yao, awaonyeshe.

Simu yake ni kitochi. Huwa anaichaji kwa kijisola, na wiki ya nne jua halikuonekana, basi Jumatatu akaipeleka dukani kwa yule kijana wa shikamoo, akaiacha huko. Iko kwenye rafu imezimwa, pamoja na simu nyingine kumi. Jumanne Karani akamuuliza: shikamoo, una njegere wiki hii, viroba vingapi? Jumatano asubuhi akamuuliza tena. Jioni akahesabu kimya kile kuwa ndiyo. Akagonga mlango wa mnunuzi: njegere, viroba vinne, ndiyo. Akagonga mlango wa mwenye Fuso: nafasi ya viroba vinne. Milango yote miwili ikafunguka. Nani aizuie? Kila nafasi ilikuwa imejazwa vizuri.

Alhamisi asubuhi Fuso lilisimama chini ya misheni likapiga honi. Mama mkubwa akatoka na jembe. Alikuwa anapalilia, njegere zake zilikuwa bado maua na vitumba.

"Mzigo wako bibi," dereva akasema.

"Mzigo gani? Mimi sijasema nina mzigo."

Dereva akamwonyesha karatasi. Jina lake, njegere, viroba vinne, ndiyo.

"Sijaulizwa, baba."

"Bibi, umeulizwa, ukajibu. Imeandikwa hapa."

Watu waliokuwa wanapakia wakaanza. "Bibi umesahau!" "Labda alijibu usingizini!" "Ah, mwacheni, uzee dawa yake kucheka." Hawakuwa na ubaya, niseme haki, walikuwa wanamtania kama wanavyomtania kila siku. Lakini alikasirika, na mtu mzee akikasirika kwa kutaniwa, watu huona ndiyo ushahidi wenyewe. Fuso likaondoka na nafasi tupu. Jioni mnunuzi akamwekea alama moja.

Mimi nililijua saa tatu asubuhi ile ile. Kwenye simu yangu Karani ana ukurasa anaandika kila alichofanya. Nilifungua nikaona kwa macho yangu: "Meseji imetumwa. Haijamfikia, simu imezimwa. Hakuna jibu. Sharti: kimya ni ndiyo. Mnunuzi ameambiwa: ndiyo." Hakuficha kitu. Alikuwa mkweli kuliko mimi. Nilizima simu nikaenda kukata majani ya mbuzi.

Mwenyekiti wa kikundi alipopita kuuliza kimetokea nini nilimwambia, "Mtandao tu."

Kila mtu huku anaukubali mtandao. Ukiusingizia mtandao hakuna anayekuuliza la pili, ni kama kusingizia mvua. Mwenyekiti akatikisa kichwa akasema, "Au bibi naye kachoka." Nikasema, "Aa." Sijui hiyo "aa" yangu ilikuwa na maana gani. Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani nilitaka aondoke.

Jumapili baada ya misa tulikutana nje ya kanisa, kama kawaida. Lilipomalizika suala la dawa ya kunyunyizia, yule mkubwa wa wale ndugu wawili wa tuta akasimama. Akasema kwa adabu sana, kofia mkononi, kwamba kwa kuwa mama yetu amekuwa na usahaulifu siku hizi, kama ilivyoonekana Alhamisi, wao wangeomba mtu mwingine aje kuonyesha mpaka.

Mama mkubwa alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kanisa, kanga yake ya Jumapili imefungwa vizuri. Hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi.

"Katibu. Mashine yako inasema mimi nilisema ndiyo?"

Ingenitosha kusema maneno manne. Nilisema, "Labda ni mtandao, mama."

"Sikuulizi mtandao. Nakuuliza, nilisema ndiyo?"

Watu wakanitazama. Nikatazama viatu vyangu, na mwenyekiti, kwa kunisaidia tu, akauliza mkutano, "Basi wenzangu, tutafute mtu mwingine wa mpaka. Kuna mwenye neno?" Akangoja kidogo. Hakuna aliyesema kitu, na mimi sikusema kitu. "Limepita," akasema. Katibu ndiye anayeandika. Nikaandika limepita.

Nilishuka nyumbani peke yangu. Kwa sheria yangu mwenyewe nilikuwa nimekubali kwamba mama mkubwa amepungukiwa akili. Hakuna njia nyingine ya kuisoma.

Usiku sikumwambia mke wangu. Nilimwambia asubuhi, naye aliacha kufagia. "Mama aliyekupa shamba," akasema. Akaendelea kufagia. Ningependa angeongeza neno.

Nikampigia shemeji. Nilidhani atanisema, kumbe akaanza kujilaumu. "Kosa langu. Nilijua. Fundi hatakiwi kukubali kila anachoambiwa na mwenye nyumba. Mlango wa nje haupaswi kufunguliwa kwa kimya cha mtu, na Karani aliona kabisa simu imezimwa." Nikamwambia asinigawie nafuu. Yeye alinionya mara mbili, nami nilimjibu kwa sababu ya uvivu. Akasema, "Basi tugawane, shemeji, wewe chukua fungu kubwa." Siku ile ile akabadilisha sharti: asiyejibu ni hapana, na orodha yote inanijia mimi kwanza. Alimwandikia na mnunuzi barua, alama ya mama mkubwa ikafutwa. Hilo lilikuwa jepesi. Mitambo inasahau ukiiambia isahau.

Jumanne nilipanda kwake. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo barazani.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Goti?"

Nilimwambia yote, nimesimama. Sharti, simu iliyozimwa, ukurasa nilioufungua saa tatu, kwamba nilijua tangu Alhamisi na Jumapili nilikuwa najua. Mikono yake haikusimama kuchambua.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Haya. Mimi umeniambia nini sasa? Mimi nilikuwa najua sikuulizwa. Nilikuwepo." Akatupa jiwe dogo uani. "Ulipanda mlima wote huu kuja kumwambia mtu pekee anayejua. Kawaambie wasiojua."

"Nitawatumia meseji leo hii."

"Kwa ile mashine?"

Nikairudisha simu mfukoni.

"Walinicheka kwa midomo, mwanangu. Kawaambie kwa mdomo. Pale pale kwenye ngazi."

Nilitegemea labda atanikaribisha uji. Hakunikaribisha, na haki yake.

Siku zile hadi Jumapili sina cha kujisifia. Nilifikiria kuugua. Nilifikiria kumwomba mwenyekiti aseme kwa niaba yangu kwa maneno ya kiuongozi: "kulikuwa na changamoto za kiufundi." Hata niliyaandika maneno hayo kwenye daftari, yapo, nimeyakata kwa mstari.

Jumapili nilisimama. Sauti yangu haikutoka vizuri, mtu mmoja nyuma akapaza, "Sema kwa nguvu, wewe si Karani!" Nikasema kwa nguvu. Nilisema mama hakusahau kitu, hakuulizwa, simu ilikuwa dukani. Mimi ndiye niliyeweka kwamba anayenyamaza amekubali, nilionywa nikakataa, nilijua siku ile ile nikasingizia mtandao. Na Jumapili iliyopita niliandika limepita huku nikijua.

Halafu kijana wa duka akasema, "Kumbe mwenye uzee ni katibu!" Watu wakacheka sana, kwa muda mrefu. Mama mmoja akasema, "Na mimi wiki ile niliandikiwa viroba sita vya karoti, nikalazimika kung'oa machanga. Nilifikiri ni mimi." Mwingine akasema naye hivyo hivyo. Sikuwa najua. Sikuwa nimewahi kuuliza. Hili liliniuma kupita kicheko.

Nikamwomba mwenyekiti tufute lile la mpaka. Akakubali, lakini yule ndugu mkubwa alibaki anakunja kofia yake. Alisema sawa, mama aje. Ila hakusema kama alivyokuwa anasema zamani.

Ilikuwa Jumamosi iliyofuata, manyunyu tena. Tulikuwa watu kumi hivi kwenye lile tuta. Mama mkubwa alipita na fimbo yake polepole, akarudi hatua mbili, akagonga chini. "Hapa. Na jiwe limeinama upande wa mto." Wakachimba. Jiwe likaonekana, limeinama upande wa mto.

Yule ndugu mkubwa akalitazama. Kisha akasema, kwa adabu ile ile, "Tumeona mama. Ila kwa usalama tumwite na yule mzee wa ng'ambo, naye anaijua mipaka, athibitishe, isije baadaye ikaonekana..." Hakumalizia.

Nimeishi huku miaka hamsini na nane, na hakuna mtu aliyewahi kumwitia mama mkubwa shahidi wa pili. Nilitaka kusema. Nilisema hata, "Ndugu yangu, jiwe si hilo hapo?" Akanijibu, "Katibu, wewe tena?" Watu wakaangalia pembeni.

"Mleteni," mama mkubwa akasema. "Nitamsubiri."

Akaketi pale pale juu ya tuta lililolowa. Nikasogea na mwavuli nimfunike. Akausukuma kwa fimbo, si kwa nguvu.

"Jifunike mwenyewe. Wewe ndiye una goti."

Mzee wa ng'ambo alichukua saa nzima kufika. Alipofika hakuuliza kitu, alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe, akasema ndilo, akamwamkia mama mkubwa shikamoo mbele ya watu wote, akaondoka. Mama mkubwa akanyanyuka kwa kushika bega la yule ndugu mkubwa, kanga yake nyuma imejaa tope. Alipopita karibu nami aliniambia namba yake niitoe kwa Karani. "Mimi niulize kwa miguu." Tangu siku hiyo kila Jumanne napanda. Wakati mwingine ananipa uji, wakati mwingine hapana, na sijajua anaamua kwa kipimo gani.

Nyumbani nilifika nimelowa. Mke wangu hakuuliza imekuwaje, walishampitishia habari. Jioni tulikula magimbi ya kuchemsha na maharage ya nazi, na mchicha uliobaki wa mchana.